Kabureta ya Mzee Swalehe

Kijana, kabla hujasoma zaidi, nenda kazime hiyo pikipiki yako. Najua umeiacha inaunguruma hapo nje ili watu wajue umefika. Petroli inaungua bure, na mimi siwezi kuongea na mtu ambaye sikio lake moja liko barabarani. Umezima? Haya, sasa tutaelewana.

Naitwa Damasi, Mmakua wa Masasi, mstaafu. Zaidi ya miaka thelathini nilikuwa fundi wa winchi na mashine nzito bandarini, na kazi hiyo ndiyo iliyosomesha wanangu na kujenga nyumba hii ya Magomeni, hapa Mtwara. Lakini mkinikuta uani na kaptula iliyolowa oili, jueni hiyo siyo kazi, ni mapenzi. Nafufua pikipiki za zamani. Siyo hizi zenu mnazobadilisha kila baada ya msimu wa korosho. Nasema zile za kuchanganya oili na petroli ndani ya tanki, zinazotoa moshi wa buluu na kulia kama zinagombana na mtu. Silipwi hata senti. Mke wangu husema ni ugonjwa, nami sibishani naye, maana namjua mpaka mtu aliyeniambukiza.

Ninachotaka kuwaeleza leo kina pikipiki ndani yake, ndiyo, na mtajifunza mawili matatu ya ufundi kama mtatulia. Lakini hasa nataka kuwaeleza habari za nyumba moja kule Msimbati ambako nilikuwa natukanwa kila Jumamosi. Nilitukanwa vizuri, kwa ustadi, kwa furaha, halafu kwa ujinga wangu mwenyewe nikakaa miaka ishirini na sita bila kutukanwa. Msicheke. Hamjui mtu anavyoweza kuyatamani matusi ya nyumba fulani mpaka tumbo likamuuma.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Mzee Swalehe na mkewe, Bi Somoe. Mzee alikuwa Mmakonde, fundi wa mashine za kupulizia salfa, ule unga wa njano wa kutibu mikorosho. Nilimfahamu kwa aibu. Nilikuwa kijana, nimenunua pikipiki yangu ya kwanza, nikaenda Msimbati Jumapili moja kununua samaki na kujionyesha. Kwenye mchanga, karibu na kijiji, ikazima. Nikapiga kiki mpaka goti likavimba. Akatokea mtu mfupi, kanzu imepandishwa kiunoni, akaniambia nisogee. Akafungua kabureta kwa bisibisi ya mfukoni, akatoa kile kijipipa cha shaba chenye tundu dogo ambamo petroli hupita, akakiinua juani akachungulia. Kimeziba. Mimi nikachomoa kipande cha waya nikampa azibulie.

"Weka huko waya wako," akasema. "Ukiingiza waya humu, tundu linapanuka. Kesho itakunywa petroli kama harusi inavyokunywa soda."

Akakata njiti moja kwenye ufagio wa chelewa wa mama aliyekuwa jirani, akazibua kwa njiti, akapuliza, akafunga. Kiki moja ikawaka. Hilo lishikeni: njiti ya chelewa, au pumzi yako, basi. Waya ni wa kufungia kuku.

Nikamshukuru. Akaniuliza mimi ni mwenyeji wa wapi. Nikamwambia Masasi, Mmakua.

"Aa! Mmakua!" akashika kichwa. "Ningejua ningekuacha ukauke hapa kama ng'onda. Nirudishie njiti yangu."

Mnajua utani wetu sisi wa kusini, au mnausikia tu kwa wazee? Mmakonde na Mmakua ni watani. Mtani wako anakutukana hadharani na huruhusiwi kununa. Anaingia jikoni kwako anafunua sufuria. Ukifiwa, anakuja msibani anafanya vituko ili ulie na kucheka kwa pamoja, na anaweza kuchukua kitu cha marehemu akatangaza kuwa ni chake. Hajaiba. Wafiwa watamgomboa: watampa kuku, au nguo, au chochote cha kumridhisha, naye atarudisha kitu kile mkononi mwao, mambo yakaisha kwa kicheko. Kuna sharti moja tu. Kitu cha utani kinarudishwa na yule aliyekichukua, kwa mkono wake, mbele ya macho. Hakitumwi. Ukikituma kwa mtu, umekuwa mwizi aliyeona aibu.

Basi tangu siku ile ya njiti, kila Jumamosi nikitoka zamu nilikuwa Msimbati. Mzee alikuwa na pikipiki yake nyekundu ambayo aliikuta imetupwa nyuma ya ghala, haina tairi, kuku wametagia kwenye kiti. Aliifufua kwa vipande vya mashine za kupulizia, maana injini zile ni jamaa moja: silinda moja, oili imechanganywa na petroli. Tulikuwa tunaifungua yote na kuifunga, wakati mwingine bila sababu yoyote ila kutaka kuiona ndani. Alikuwa na vifuu vya nazi kumi na viwili amevipanga kwenye mkeka. Nati za silinda kifuu cha kwanza, za klachi cha pili, na kuendelea. Ukikosea kifuu anakupiga kofi la mkono, jepesi, kisha anaendelea kuongea kana kwamba hakuna lililotokea. Mpaka leo siwezi kufungua injini bila vifuu. Nyinyi mnamwaga nati zote kwenye kopo moja, halafu zikibaki mbili mnasema kiwanda kiliweka za ziada.

Nilikosea mengi. Kubwa lilikuwa la pistoni. Mimi nilizoea mashine za bandarini, nikajiona fundi, siku moja Mzee amekwenda kuswali nikaamua kumfungia silinda ili akirudi ashangae. Pistoni za pikipiki zile zina upande. Ziko alama zinazoonyesha upande gani uelekee bomba la moshi, na ukigeuza, ringi zinanasa kwenye madirisha ya silinda, yale matundu ya kupitishia moshi, zinakatika. Mimi nikageuza. Mzee akarudi, akapiga kiki, tukasikia "krak!" Ringi mpya, zimetoka Dar es Salaam kwa basi siku nne za matope, zimekwisha.

Hakugomba. Alikaa chini akacheka mpaka akakohoa. Bi Somoe akatoka jikoni kuuliza, akaelezwa. Basi siku hiyo nilipakuliwa ugali wa muhogo na samaki, sahani yangu ikaja imegeuzwa juu chini, chakula kimefunikwa chini ya sahani kwenye sinia.

"Kula hivyohivyo," Bi Somoe akasema. "Si ndivyo mnavyoweka vitu kwenu Masasi? Mmakua akivaa suruali lazima mkewe amwambie zipu iko wapi."

Majirani wote wakajua. Kwa miezi mitatu watoto wa Msimbati wakiniona wananipigia kelele, "Mbele ni huku, mjomba!" Na mimi nilikuwa narudi mjini jioni na moyo mweupe kabisa. Mtu ametoka kwao mbali, anaishi chumba cha kupanga, bandarini anaitwa kwa namba ya zamu, halafu kuna nyumba moja duniani ambako wanakujua kiasi cha kukugeuzia sahani. Ile ilikuwa nyumbani kwangu. Sikuwahi kuwaambia hivyo. Ungemwambia mtani kitu kama hicho angekucheka mwaka mzima.

Mzee Swalehe alifariki ghafla, alfajiri ya Ijumaa, kwa kifua. Nilifika msibani nikiwa nimelia njia nzima, miwani ya vumbi imejaa machozi. Lakini nilikuwa mtani, na mtani ana kazi yake. Basi nikafanya kazi yangu. Niliigiza mwendo wake, kanzu nimeipandisha kiunoni, nikapiga kiki hewani huku nikimtukana mtu aliyetengeneza mchanga. Watu waliinama wakicheka na kulia. Halafu nikaiendea pikipiki nyekundu iliyoegemezwa ukutani, nikatoa bisibisi, nikafungua kabureta mbele ya watu wote, nikaiinua juu.

"Huyu mzee ameondoka na ufundi wangu wote, sijamaliza kujifunza! Mimi naondoka na hii!"

Kutoka ndani, kwenye dirisha la chumba walimokaa wanawake, nikasikia sauti ya Bi Somoe, imekauka kwa kilio lakini ndani yake kuna kicheko: "Mwacheni huyo mwizi! Arobaini ataileta mwenyewe, nami nitamgomboa!"

Sikuisikia tena sauti ile ikicheka na mimi kwa miaka mingi.

Wiki ya tatu baada ya mazishi nikapewa barua ya uhamisho kwenda bandari ya kaskazini, niripoti haraka, meli inaondoka kesho kutwa. Nilifungasha usiku kucha. Kabureta ilikuwa imeviringishwa kwenye kitambaa cha oili ndani ya sanduku la spana, na sanduku likaenda na mimi. Nilikuja kuiona nimeshafika, nafungua vyombo. Nikakaa kitandani nikaishika. Nikahesabu siku za arobaini, hazitoshi kurudi.

Ningeweza kumpa mtu wa meli ailete. Watu wengi walikuwa wanashuka kusini. Lakini sharti nimewaambia: haitumwi. Nikasema nitaipeleka mwenyewe likizo ya Juni. Juni mvua zilikuwa zimekula barabara, mabasi yamekwama, likizo yenyewe ikaisha njiani. Mwaka uliofuata nikaoa. Uliofuata mtoto akaugua. Na jambo la aibu, vijana, halisimami mahali pamoja. Mwaka wa kwanza ungeweza kuingia unacheka na kuomba radhi. Mwaka wa tano unahitaji maelezo. Mwaka wa kumi huna maelezo yoyote ambayo mtu mzima anaweza kuyatamka. Nikawa naitoa kila baada ya miezi kadhaa, naipaka oili isishike kutu, naifunga tena. Mke wangu alidhani ni dawa ya kienyeji.

Nilistaafu, tukarudi Mtwara. Nilikaa hapa Magomeni miezi miwili mizima nikijifanya napaka rangi nyumba. Kisha Jumamosi moja nikavaa shati safi, nikaweka kabureta kwenye mfuko wa plastiki, nikapanda gari mpaka Msimbati. Kijiji kimebadilika, kuna magari ya watu wa gesi na alama za mabomba kila mahali, lakini nyumba nikaijua.

Bi Somoe alikuwa barazani anamenya muhogo. Amekuwa mdogo, mwembamba, nywele nyeupe zinachungulia kwenye mtandio. Nikasimama mbali kidogo.

"Shikamoo, Bi Somoe."

Akainua macho akaniangalia. Alinitambua, niliona. Nikasubiri. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila tusi: mwizi wa maiti, mla fidia, Mmakua mkimbizi. Nilikuwa nayangoja kama mtu anayengoja maji ya kuoga.

"Marahaba, baba," akasema. "Karibu. Kaa kwenye kiti. Za safari?"

Baba! Kiti! Nikaletewa chai kwenye kikombe chenye kisosi. Akaniuliza hali ya mama watoto, akaniuliza kazi, akanipa pole kwa jua. Heshima tupu, kama afisa aliyekuja kuhesabu watu. Vijana, nimefanya kazi chini ya mizigo mizito iliyoning'inia, winchi imewahi kukatika hatua tatu kutoka kichwani kwangu, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kisosi kile. Mtani anayekuheshimu ameshakufuta. Mfuko wa kabureta nikauacha chini ya kiti, sikuthubutu hata kuutaja.

Mwanawe, Athumani, akanipeleka nyuma ya nyumba tuongee. Niliondoka akiwa kijana wa ndevu za kwanza, sasa naye ana mvi, anabeba samaki kupeleka mjini kwa pikipiki yake. Yeye ndiye aliyenieleza. Baada ya arobaini kupita walingoja, na baada ya eda ya mama yake kwisha wakangoja tena. Kisha yeye alitaka pikipiki ya baba yake aanze kazi. Walitafuta kabureta ya aina ile mpaka Lindi, hakuna. Fundi mmoja akawafungia ya mashine ya kupulizia, akaikaza kwa vipande vya mpira wa tairi. Ikawaka. Akaiendesha siku mbili. Ya tatu, kabureta ile ndogo haikupeleka mafuta ya kutosha, injini ikanywa hewa tupu, pistoni ikapata moto ikashika ndani ya silinda akiwa mwendo kasi. Gurudumu likafunga. Akarushwa.

Akanyoosha mkono wake wa kulia kunionyesha. Haunyooki wote mpaka leo.

"Mimi sina neno na wewe, mjomba," akasema. "Ilikuwa bahati yangu. Ila mama aliniuguza miezi minne, mimi silimi, siendi baharini. Tangu hapo hajataja jina lako."

Pikipiki yenyewe ilikuwa chumba cha nyuma. Waliihifadhi chumba kikavu kuliko vyote, chenye mlango wa kufuli, kwa upendo. Kwa bahati mbaya ndicho chumba cha salfa. Kila mkulima wa korosho hutunza salfa mahali pakavu, na kila kitu cha thamani hutunzwa mahali pakavu, basi vikakutana. Unga ule ukipata unyevunyevu unatafuna. Shaba zote zilikuwa nyeusi, nyaya zinavunjika kama tambi mbichi, rimu zimeoza. Kwenye tanki kumekaa njano tupu. Niliishika usukani, mpira wake ukabaki mkononi.

Nikarudi barazani, nikamwomba Bi Somoe anipe niichukue nikaitengeneze.

Hakuinua macho kwenye muhogo. "Chukua tu, baba. Nusu si unayo tayari."

Ilinichukua masika yote na miezi ya kipupwe. Sasa sikilizeni ufundi. Salfa haioshwi kwa petroli, mtaipaka tu. Ioshe kwa maji ya moto na magadi, tena na tena, mpaka maji yatoke safi, kisha kausha siku hiyohiyo na upake oili. Tanki nilitia kokoto ndogo na kipande cha mnyororo, nikalifunga shuka, nikalitikisa asubuhi na jioni wiki mbili, mke wangu akawa ananiuliza kama nambembeleza mtoto alale. Nyaya nilivuta upya zote. Bonde kwenye tanki, lililotokana na nazi kuangukia, nililiacha, kwa sababu Mzee mwenyewe alikuwa anaweka bisibisi hapo.

Pistoni ilikuwa imeshika kabisa. Siku zile za ujana ningeipiga nyundo, na ningepasua silinda. Sasa nilimimina dizeli na oili kupitia tundu la plagi, nikaiacha. Kila asubuhi naongeza, nagonga kwa ubao mara tatu, naondoka. Siku ya kumi na tisa ikasogea upana wa ukucha. Nikapiga kelele mpaka jirani akaja mbio.

Nilipoitoa ilikuwa imechubuka, haifai tena. Nikaanza kuikwangua masizi juu yake, ili nisome tu namba ya saizi nikaagize nyingine Dar es Salaam. Chini ya masizi nikaona mikwaruzo. Nikasugua kwa msasa laini. Zilikuwa herufi, zimechongwa kwa ncha ya msumari, zimepinda kama mwandiko wake kwenye daftari la vipuri: MBELE NI HUKU MMAKUA. Na mshale.

Alikuwa ameichora bila kuniambia, mara ya mwisho alipoifunga peke yake. Alijua siku moja nitaifungua peke yangu, yeye hayupo. Mimi nikamfanyia nini? Nilikaa kwenye mkeka kati ya vifuu vyangu nikalia, mtu mzima wa kustaafu, kwa sauti, mke wangu akafunga mlango wa uani watu wasione. Nilimtamani mzee yule. Nilitamani anipige kofi la mkono. Nilitamani Jumamosi moja tu, na matusi yake yote, na moshi ule wa buluu chini ya mikorosho.

Pistoni mpya ilikuja na basi, siku moja tu siku hizi. Silinda ikachongwa mjini ilingane nayo. Mwisho kabisa nikatoa kitambaa cha oili, nikaifunga kabureta mahali pake. Niliweka oili na petroli kwa kipimo chake, kikombe cha kahawa kwa kila lita mbili. Kiki ya nne ikawaka. Niliizima baada ya dakika chache. Sikutaka kuifaidi kabla ya wenyewe.

Nikaondoka Jumamosi asubuhi. Barabara ya Msimbati mwishoni ni mchanga mtupu, na nyinyi mnaanguka kwa sababu mnaukamata usukani kama mnamkaba mtu. Kaa nyuma, legeza mikono, acha gurudumu la mbele litafute njia lenyewe, usiguse breki. Nilipita hivyo, moshi nyuma yangu, wazee wawili wakasimama njiani wakanitazama. Walikuwa wanaijua sauti ile.

Bi Somoe alikuwa amesimama kwenye kizingiti kabla sijafika. Mkono mmoja ameshika mwimo wa mlango. Nikazima. Nikaiegemeza ukutani, palepale ilipokuwa siku ya msiba. Athumani akatoka, akaziba mdomo kwa kiganja.

Sikumwamkia. Nilitoa bisibisi mfukoni, nikapiga magoti kwenye mchanga, nikaifungua kabureta. Ilikuwa bado ya moto, ikaniunguza vidole. Nikaifuta petroli kwa shati langu, nikaiweka kwenye viganja viwili mbele ya miguu yake.

"Bi Somoe. Nimeichukua mwenyewe, nimeileta mwenyewe. Nimechelewa arobaini."

Akainama taratibu, akaichukua. Akaipima mkononi, akaigeuza, akaifutia kwenye khanga. Akatazama pikipiki, akatazama mkono wa mwanawe, akanitazama mimi pale chini. Nilifikiri ataniambia asante, baba. Niliomba Mungu asiniambie asante.

"Mmakua," akasema.

"Naam."

"Mmakua, mwizi, mshenzi usiye na haya! Miaka ishirini na sita! Maiti yangu imeoza, imekuwa udongo, mnazi umeota juu, umezaa, tumekula nazi, wewe bado unahesabu arobaini? Nani alikufundisha hesabu, mbuzi? Na hilo shati umemvua nani? Ona tumbo! Umekwenda huko kaskazini kula tu, kabureta umeifanya kijiko!"

Hakupumua. Akatukana ukoo wangu mpaka Masasi, akavuka mto akatukana na wa Msumbiji. Majirani wakatoka. Athumani alikuwa amekaa chini anacheka huku anafuta macho. Na mimi nilikuwa magotini na machozi yananidondoka mchangani, sijawahi kusikia kitu kitamu kama kile.

Alipochoka nikanyoosha mkono. "Haya, nipe basi niifunge, pikipiki yako iwake."

Akarudisha mkono nyuma, kabureta akaitia ndani ya khanga, akafunga fundo kiunoni.

"Nikupe uifunge? Sasa hii nimeichukua mimi. Ukiitaka, njoo uigomboe." Akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Nikarudishwa Magomeni nyuma ya pikipiki ya Athumani, katikati ya makapu ya samaki.

Jumamosi iliyofuata nikapeleka sukari kilo mbili. Akaipokea, akasema sukari ni ya chai. Iliyofuata nikapeleka kitenge. Akakipokea, akasema mke wangu ana macho mazuri kuliko mimi, kabureta bado. Nimepeleka jogoo, nimepeleka mchele, nimepeleka blanketi. Kila mara napakuliwa ugali, natukanwa mpaka jioni, narudi mikono mitupu. Pikipiki imesimama pale ukutani, imefutwa vumbi, haina kabureta. Mke wangu ameniuliza ni lini yule bibi ataridhika. Na mimi, Mungu anisamehe, kila Ijumaa nikilala naomba asiridhike upesi.